Rido ya upande wa mlango

Mimi ni mshonaji. Niko na kibanda cha mbao hapa Majengo, mashine mbili, moja inatembea vizuri na ya pili inatembea ikipenda, na mtu angeniambia zamani kwamba siku moja nitaandika mambo ya hospitali ningecheka, maana hospitali nilikuwa naijua kwa harufu tu, unaingia, unasalimia mgonjwa, unatoka haraka. Lakini mwaka wa 2022 nilikaa wiki saba ndani ya sale ya wanawake wa fistula hapa Goma, mashariki ya Kongo, nikiwa gadimalade wa mama mdogo wangu (huku kwetu sale ni kile nyinyi wa Dar na Nairobi mnaita wodi, na gadimalade ni ule ndugu anayelala chini, pembeni ya kitanda cha mgonjwa, anapika, anafua, anakimbilia dawa) na tangu pale mtu akiniambia hospitali fulani imeboreshwa, swali langu ni moja: kutoka kitandani mpaka chooni ni hatua ngapi?

Jina la hospitali naliacha. Mengi nitakayosema ni ya kuwasifu, mengine siyo, na mtu akianza kukisia kwenye komenti nitafuta.

Mama mdogo ni wa Masisi, juu kule. Mwaka wa 2018 uchungu wa kuzaa ulimshika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, barabara imekatwa na mvua, wanaume wakambeba na kipoyi (machela) mpaka hospitali ya kwanza, ambayo haiko Goma. Walimpasua, mtoto akatoka amekufa, na siku chache nyuma yake mkojo ukaanza kutoka wenyewe. Kwa wasiojua: kichwa cha mtoto kikikibana kibofu siku mbili tatu kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa, na ile nyama iliyokufa ikibanduka inaacha tundu. Siyo laana, siyo kurogwa, siyo kwamba mwanamke alitembea ovyo. Ni damu iliyofungiwa njia. Lakini pale hakuna aliyemweleza hivyo. Alichopewa ni fakture ya dola 180, na kwa vile hakuwa nazo walimzuia wiki tatu kwenye baraza, juu ya mkeka, akivuja, mpaka wajomba wakauza mbuzi. Siku moja nilimuuliza ni kitu gani kilimuuma kupita vyote kule, nikidhani atasema kisu au njaa au mtoto, akaniambia: "Kila asubui balikuwa banapita na ndoo, banapanguza pande zote, pale niko mimi banaruka."

Miaka minne akaishi hivyo, kwenye kajumba nyuma ya nyumba ya kaka yake. Halafu Mei 2022, zile siku ambazo redio zinaongea mambo ya fistula kwa sababu tarehe 23 Mei ndiyo siku yake ya dunia nzima, akasikia kwamba Goma wanapasua bure. Akapanda moto (pikipiki) mpaka Sake, pale akaingia gari, na dereva akamlipisha nafasi mbili maana hakuna aliyetaka kukaa naye.

Bon. Tukafika, wakampima, wakamwandikia fishi (karatasi ya mgonjwa), na kweli operesheni ilikuwa bure, inalipwa na wafadhili. (Chakula siyo bure, makala, yaani mkaa, siyo bure, sabuni siyo bure, na hayo huwa hayatangazwi kwenye redio, mtu anashuka Goma na kitenge kimoja akidhani bure ni bure.) Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jinsi ile sale ilivyokuwa na vitu viwili visivyofanana. Kwenye korido ya mbele kulikuwa na chumba cha ekografi (ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo), mashine mpya kabisa, ukutani kibao cha shaba chenye majina ya waliotoa, na kila wageni wakija walipelekwa pale kupiga picha. Na nyuma ya sale, bomba la maji lililokuwa linatoa maji siku ikitaka.

Sitaki mnielewe vibaya, ekografi ni kitu cha maana. Lakini sikilizeni fistula inavyotibiwa ndipo mtajua kwa nini nilikuwa naangalia bomba na siyo mashine. Dokta akishaziba tundu anaweka sondi, mpira mwembamba unaotoa mkojo kwenye kibofu kwenda kwenye mfuko, na sondi inakaa siku 14 hivi ili kibofu kipumzike na nyuzi zishike. Siku hizo zote mgonjwa anakunywa maji lita 4 mpaka 5 kila siku, mkojo uwe mweupe kama maji, kwa sababu sondi ikiziba, ukiikunja ukiwa umelala au ikishikwa na uchafu, kibofu kinajaa, kinavuta nyuzi, na kazi ya dokta ya saa mbili inaharibika usiku mmoja wakati watu wamelala. Manesi walikuwa na maneno yao matatu, nikaja kujua ni maneno ya madokta wa fistula dunia nzima, wanayarudia kila wakipita: anakunywa, inatiririka, kitanda kikavu. Anakunywa? Inatiririka? Halafu wanaingiza mkono chini ya kitenge wanagusa godoro. Usiku pia. Mama mdogo alianza kusikia miguu ya nesi kwenye korido anajisogeza mwenyewe kumpisha mkono.

Sasa piga hesabu. Vitanda 18, tuseme lita 4 tu kila mmoja, ni lita 72 za kunywa peke yake, karibu bidoni (madumu) nne za manjano, bado kuoga, bado kufua vitambaa, bado kuosha mifuko. Na Goma, mnajua, tumekaa juu ya ziwa lote lile la Kivu na tunalala na kiu, mto hakuna mjini, maji yanapandishwa na pampu kutoka ziwani, umeme ukienda maji yanaenda. Bomba likikauka sisi magadimalade ndio tulikuwa tunapanga foleni na bidoni, wengine wanashuka mpaka Kituku, ziwani, na mwenye mgonjwa asiye na ndugu alikuwa anaombaomba kikombe kwa kikombe. Kikombe! Mtu ambaye dawa yake ni maji.

Halafu choo. Wageni wa Goma huwa hawaelewi mambo ya choo mpaka wajenge. Chini yetu ni mawe ya volkano, tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto ukapita katikati ya mji, na kabla ya hapo ilimwaga mara nyingine nyingi ambazo babu zetu waliziona, kwa hiyo kuchimba shimo ni wanaume wanne na mitaimbo na nyundo, wiki baada ya wiki, na wakati mwingine wanaacha. Ndiyo maana vyoo vya ile sale viliwekwa pale palipopatikana ufa, mwisho wa uwanja. Nilihesabu hatua 94. Mkojo unaingia kwenye mfuko, ndiyo, lakini mfuko unajaa na lazima umwagwe, na haja kubwa lazima mtu aende, na kuoga ni kulekule, juu ya mawe yanayokata, giza, mvua, mkono mmoja umeshika mfuko wake wa mkojo chini ya kitenge na mwingine umeshika simu ya jirani yenye tochi. Unajua wanawake walifanya nini? Waliacha kunywa maji jioni. Kimyakimya. Nesi anapita "anakunywa?" wanajibu ndiyo, na kikombe kimejaa pale pale tangu saa kumi. Hatua 94 zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye nyuzi za dokta, na kwenye fishi hakuna mahali pa kuandika hilo.

Wakubwa waliona, siwezi kusema hawakuona. Zikaja pesa kidogo, wakajenga choo cha karibu, na kwa vile kuchimba haiwezekani wakajenga kwenda juu, kama tunavyofanya wengi hapa mjini, sanduku la mawe na saruji juu ya ardhi na choo juu yake. Kizuri, kimepakwa rangi ya bluu, hatua 12 tu kutoka mlango wa sale. Na ngazi sita za kupanda. Ngazi sita kwa mtu aliyepasuliwa juzi.

Kulikuwa na sanduku la maoni. Liko ukutani, lina kufuli, juu yake wameandika kwa Kifaransa, na ndani yake nadhani hata panya hajawahi kuingia, maana katika wanawake 18 wa sale yetu waliojua kuandika walikuwa wawili na mmoja wao alikuwa na homa. Habari ya ngazi haikupita kwenye sanduku. Ilipita kwa mama wa usafi. Yule mama alikuwa hajasoma, anafika saa kumi na mbili asubuhi na ndoo yake, na ndiye mtu pekee mwenye koti la hospitali aliyekuwa anatuona saa ile. Akaenda kwa mkubwa wa manesi akamwambia, nilikuwepo, nimeshika sufuria: "Mama mukubwa, ile choo yenu banaipanda na matako." Kweli, walikuwa wanakaa kwenye ngazi ya kwanza wakigeuzia choo mgongo, wanajisukuma moja moja kwenda juu, mfuko umefungwa shingoni. Mkubwa wa manesi hakujibu. Akatoka akasimama pale uwanjani akaangalia, muda mrefu. Wiki ya pili wajenzi wakarudi, wakamwaga mteremko pembeni ya ngazi na bomba la chuma la kushika.

Tangu siku ile, kila Alhamisi saa tisa, alikuwa anakuja kukaa na wanawake chini ya mti wa parachichi, bila kaye (daftari), bila kalamu. Mwanzoni waliogopa, wanasema yote ni mazuri aksanti, Mungu awabariki, unajua sisi na adabu zetu mbele ya muganga (huku kila mwenye koti jeupe ni muganga, daktari, nesi, wa labo, wote). Ilichukua kama Alhamisi tatu. Halafu mmoja akasema kuhusu banafunzi.

Turu ya madokta, ule mzunguko wa kupita kitanda kwa kitanda, ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Dokta mbele, nyuma yake wanafunzi kumi, kumi na wawili, wanazunguka kitanda, dokta anafunua kitenge, anaeleza kwa Kifaransa, wanaandika, wanaenda kitanda cha pili. Dokta mwenyewe alikuwa mtu mwema, mikono yake ndiyo iliyomponya mama mdogo na simsemi vibaya, lakini hakuwa anajua kwamba usiku wa kuamkia Jumanne wanawake hawalali. Ndipo mkubwa wa manesi akasema basi tutaweka rido, yaani mapazia, na akanigeukia: "Wewe si unashona?"

Nikapima. Kichwa cha kitanda kiko ukutani, kwa hiyo pande tatu, mita mbili huku, mita mbili kule, mita moja miguuni, na ukiongeza mikunjo ni mita 7 kwa kitanda, mara vitanda 18, mita 126. Kitambaa cheupe, alisema, ndiyo rangi ya hospitali. Nikaenda Birere, kule kwenye maduka, nikauliza bei, nikarudi na kipande cha kuonyesha, tukakitundika kwenye kitanda cha mama mdogo na kamba ili wote waone.

Weee. Kelele zilizopigwa pale. Mama mdogo ndiye wa kwanza: "Mutoto wangu, ukinifunga na hii kitu nyeupe nitajiona niko ndani ya sanduku, banangojea tu misumari." Wa kitanda cha tisa akasema usiku akiamka anaangalia wenzake wakipumua ndipo analala tena, sasa ataangalia kitambaa? Na mmoja mzee, anatoka Walikale, alikuwa haongei kabisa siku zote zile, akasema maneno ambayo mimi bado nayafikiria nikiwa kwenye mashine: "Sisi wote hapa tuko na ugonjwa moya. Nitamuficha nani? Mimi sijifiche wenzangu. Nafunga mulango."

Tulikuwa tumekata rido kwa ajili ya kuwatenga wao kwa wao, kumbe ile harufu yao ya pamoja na zile hadithi za usiku ndicho kitu cha kwanza kilichowafanya wajisikie watu baada ya miaka ya kukaa nyuma ya nyumba. Walichotaka kuzibwa ni njia ya katikati, pale wanapopita wanafunzi, wanaume wanaokuja kuona wake zao, na wageni wa kupiga picha. Kwa hiyo tukapima upya: rido moja upande wa miguu unaoangalia njia na mlango, na moja nyepesi ubavuni ambayo mgonjwa mwenyewe anaivuta kutoka ndani akitaka na kuirudisha akitaka, mita 4 kwa kitanda, jumla 72. Rangi wakachagua wenyewe, kijani ya majani na ile nyekundu ya udongo, na chini nikaacha nafasi ya mikono miwili ili mtu aone miguu ya anayekuja. Pesa zilizobaki zikanunua makomeo ya vyoo. Makomeo ya ndani, maana vile vyoo vya kwanza vilikuwa na komeo la nje peke yake, sijui waliogopa choo kitatoroka.

Na rido ikabadilisha turu bila mtu kumhubiria dokta. Sasa alikuwa lazima asimame mbele ya kitambaa. Huwezi kupiga hodi kwenye kitambaa, kwa hiyo anasema "Mama, naweza kuingia?" na nafasi ya ndani inatosha watu watatu, wanafunzi wawili na yeye, wengine wanangoja. Mara ya kwanza mama mdogo aliulizwa hivyo alikaa kimya. Dokta akarudia. Bado kimya. Baadaye nikamuuliza kwa nini hukumjibu muganga, akasema alikuwa anataka kusikia kama atauliza tena.

Kuna watu wakisikia huduma inayomtazama mgonjwa wanafikiri ni adabu na tabasamu. Tabasamu lilikuwepo hata kule walikomzuia kwenye baraza. Mimi naifikiria hospitali ya Panzi, ya kule Bukavu, ambayo kila mtu anaijua kwa sababu ya dokta Mukwege na Nobel yake ya 2018. Ile nyumba ilifunguliwa 1999 ili wanawake wazae salama, hiyo ndiyo ilikuwa plani, na mgonjwa wa kwanza waliyempokea hakuja kuzaa, alikuja na majeraha ya kubakwa. Wangeweza kusema hii siyo kazi yetu. Walifuata alichokuja nacho mgonjwa, na leo ukiingia pale matibabu, mtu wa kukusikiliza, mwanasheria na msaada wa kuanza tena kazi viko pamoja, huzungushwi mji mzima na karatasi mkononi. Sisi ni wadogo, tulibadilisha rido na ngazi. Lakini naona ni kitu kilekile.

Yale ya bei sitayarefusha: kwenye dirisha la kulipia palikuwa na orodha nzuri ya bei, imechapwa, ya Kifaransa, na hakuna aliyekuwa anaisomea watu, mpaka Alhamisi moja wakakubaliana nesi awe anamwambia kila mgonjwa kwa mdomo, siku ya kuingia, kitu gani utalipa na kitu gani hutalipa. Dakika tano. Hakuna kibao cha shaba kwa ajili ya hizo dakika tano.

Sondi ya mama mdogo ilitoka siku ya 14. Wanakufundisha kwenda chooni kila saa, usingoje kibofu kijae, kwa hiyo siku ile ya kwanza alipanda ule mteremko wa bluu labda mara kumi na tano, na kila akirudi anakaa kitandani anasimama tena anagusa godoro. Usiku nilimsikia, mimi niko chini kwenye mkeka, mkono wake unashuka, unagusa, unarudi. Unagusa, unarudi. Alfajiri akanitikisa: "Mutoto, gusa na wewe." Nikagusa. Kavu kabisa, na baridi.

Aliporudi Masisi hakukaa sana, vita vikamrudisha, na sasa anaishi kwangu, ananiambia jinsi ya kushona ingawa hajui kushona. Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini hospitali zote za Goma zilijaa majeruhi kupita vitanda, na ile sale yetu ikapewa wao, wanawake wakahamishwa, wengine wakaondoka na sondi zao. Nilikwenda Februari kuangalia. Rido za kijani zilikuwa zimekuwa mashuka, zimekuwa bandeji, moja ilikuwa imefungwa kwenye miti miwili ya kubebea watu. Sikukasirika, ningefanya hivyohivyo. Zilibaki tano, na moja ina doa ambalo nimelifua mara nne na halitoki.

Wagonjwa wa fistula wameanza kurudi, kidogo kidogo, maana barabara mnazijua na benki zilifungwa vita vilipoingia, kwa hiyo mkubwa wa manesi ananilipa vipande vipande kwenye simu na mimi nashona vipande vipande. Wiki jana nilienda kupima vitanda tena, na mama mdogo akataka kunifuata, akashika mwisho wa kipimo kama fundi wa miaka ishirini. Kwenye kitanda cha saba, kile chake, kulikuwa na msichana, nadhani hajafika hata miaka ishirini, amekaa na mfuko wake mapajani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika mita 4, upande wa njia, upande wa mlango, kama kawaida. Mama mdogo akanishika mkono, akamuinamia yule msichana: "Mama, unataka tufunge upande gani?"

Akaonyesha dirisha.

Dirisha sikuwa nimelipima. Ni mita moja na nusu kwa mita moja, na kioo hakuna, wameweka plastiki.